Kizibo cha Mninga

Kofi la kwanza lilimkuta Sesilia hajaweka hata bisibisi chini. La pili lilimkuta ameshaanguka juu ya rundo la matairi. Katikati ya makofi hayo mawili Makarius alipata nafasi ya kumtupia mzee Lupakisyo salamu, "Mambo vipi, mzee," kana kwamba mzee wa miaka sabini na sita alikuwa kijana mwenzake wa kijiweni. Mtu mzima anayemnyima mzee shikamoo, tena ndani ya gereji ya mzee huyo huyo, hahitaji kuelezwa sana.

Hata hivyo tumweleze. Makarius alikuwa mume wa Sesilia, na gereji yake ilikuwa Mikumi, kando ya barabara kuu ya malori yaendayo Zambia. Alikuwa fundi kweli, hilo hakuna wa kumnyima. Na alikuwa na sifa moja iliyomfanya ajulikane toka Doma hadi Ruaha: kiganja chake cha kulia. Injini kuukuu ya dizeli ikipagawa, ikaanza kula oili yake yenyewe na kunguruma bila kukanyagwa, ufunguo hauizimi. Dawa yake ni kuinyima hewa. Basi Makarius alikuwa akichomoa mpira wa hewa, anakunja mkono wa shati, anaziba mdomo wa injini kwa kiganja kitupu mpaka inakohoa na kufa. Madereva walikuwa wakishangilia. Walimpa na jina: Kiganja.

Miaka mitatu nyuma lilikuja lori la kisasa limepagawa hivyo hivyo. Makarius alishaanza kukunja mkono wa shati pale Sesilia, aliyekuwa akifunga nyaya pembeni, alipopaza sauti mbele ya madereva wote: "Usitie mkono! Hiyo ina tabo, ile feni yake itakukata." Makarius akatafuta ubao, injini ikazimwa kwa ubao, na dereva mmoja akacheka kwamba leo Kiganja kafundwa kazi na mkewe. Makarius naye alicheka. Jioni, wateja walipokwisha kuondoka, aliushika mkono wa kushoto wa Sesilia, akaingiza vidole viwili kwenye vaisi, ile ya kubania vyuma mezani, akaikaza taratibu huku akimwangalia usoni. Vidole vilipovunjika alisema, "Usinifundishe kazi tena." Wiki mbili baadaye, vidole vikiwa bado vimefungwa vijiti, Sesilia alipanda basi la asubuhi la Kilosa na begi moja.

Mzee Lupakisyo alimpokea kwenye gereji yake ya Magomeni, pale pale Kilosa, bila maswali. Mzee huyu alikuwa wa zile familia zilizoletwa na reli na mashamba ya mkonge, akalelewa na injini za vichwa vya treni, na kutoka huko relini alikuja na sheria moja aliyoishika kama ibada: injini yenye tabo, ile feni ya kuisukumia hewa ndani, haiwashwi mara ya kwanza mpaka mtu asimame pembeni na kizibo mkononi. Kizibo chenyewe kilikuwa kipande cha mninga kilichochongwa duara, upande mmoja kimepigiliwa mpira wa tyubu, na kamba ya kukitundika shingoni. Kila fundi wa gereji ile alichonga chake. Cha Sesilia kilikuwa kizuri kuliko vyote, na alijivuna nacho.

Sasa siku hiyo ya makofi, kazi iliyokuwa mezani ilikuwa ya Koileken, mfugaji wa nyika za kule Mvumi. Landkruza yake kuukuu, ile ya kubebea ndama na wakati mwingine wagonjwa, ilikuwa imepasuka injini. Alikuwa amenunua nyingine ya dizeli yenye tabo, iliyokatwa kwenye gari la Japani, na kompyuta zake mbili, zile mafundi wanazoziita kontrol boksi. Moja ilitoka kwenye gari la gia za mkono, ya pili kwenye otomatiki. Kwa mtu wa njiani zilifanana kama pacha. Sesilia alikuwa ameshinda siku nzima akizipima waya kwa waya, na alikuwa amechagua ya gia za mkono, kwa sababu Landkruza ya Koileken ina gia za mkono. Ile ya otomatiki husubiri habari kutoka kwenye giaboksi ambayo haipo. Isipozipata, huna gari, una pambo.

Makarius alikuwa amesikia Mikumi kwamba mfugaji mwenye ng'ombe mia tatu amempita yeye na kumpa kazi mkewe. Hilo ndilo lililomtoa kwake na pikipiki.

"Nani kakuambia unaweza kubadilisha injini?" aliuliza, akimkanyaga Sesilia nyonga pale pale kwenye matairi. "Hizi ndizo kompyuta? Umechagua ipi?"

Damu ilikuwa imemjaa Sesilia mdomoni na jino moja lilikuwa likicheza. Lakini macho yake yalimsaliti. Yaliangalia ile ya kushoto. Makarius akachukua nyundo, akaipiga ile ya kushoto mapigo matatu, mpaka vipande vya kijani vikaruka hadi mlangoni. Hakutosheka. Injini ilikuwa inaning'inia kwenye mnyororo, akaisukuma kwa mguu, ikaenda kujigonga ukutani upande wa tabo kwa kishindo kilichoangusha vumbi la darini.

"Haya," alisema akihema. "Chagua sasa."

Mzee Lupakisyo alikuwa ameshika spana, lakini umri wake haukuwa wa kupigana. Aliyemaliza ngoma ni Koileken. Alikuwa amekaa nje kivulini akisubiri, akaingia taratibu na shuka yake nyekundu, akaweka kichwa cha rungu nyuma ya sikio la Makarius. Hakupiga. Aliliweka tu pale.

"Hiyo uliyovunja ni mali yangu," alisema. "Na huyu ni fundi wangu. Sema unachotaka kisha uondoke."

Makarius si mjinga. Aliiachia nyundo. Watu walikuwa wameshajaa mlangoni, na mbele ya watu alikuwa hawezi kuondoka mikono mitupu. Akasema kwa sauti ya kusikika barabarani: "Sawa. Jumamosi hii gari hili litoke hapa likaendeshwe na yeye, kwa kazi ya mikono yake. Likifika Mikumi, nimemwacha. Sitakanyaga Kilosa tena, na nyie wote mashahidi. Lisipofika, anapanda pikipiki yangu tunarudi nyumbani."

"Huyu si mbuzi wa kushindaniwa!" mzee Lupakisyo alifoka.

Sesilia akainuka, akatema damu. Alijua hana sababu ya kukubali upuuzi ule. Alijua pia kwamba Makarius atakuja tena mwezi ujao, na mwezi utakaofuata, na ipo siku Koileken hatakuwapo kivulini. Miaka mitatu alikuwa amelala na panga chini ya godoro. Alikuwa amechoka kuogopa, na uchovu wa namna hiyo humfanya mtu akubali mambo ya ajabu.

"Nimekubali, mzee," alimwambia Lupakisyo, siyo Makarius. "Jumamosi."

Zilikuwa zimebaki siku tatu. Kompyuta nyingine ya gia za mkono ilikuwa haipatikani Kilosa wala Morogoro, na ya kutoka Dar isingefika. Sesilia akakaa na ile ya otomatiki. Aliunganisha waya mbili ili iamini siku zote gia iko huru, la sivyo ingegoma kuwasha. Nyingine aliziacha zikidanganywa kwa vipande vidogo vya umeme alivyong'oa kwenye redio. Ilikuwa kazi ya kuongopea kompyuta, na alimwambia Koileken waziwazi: "Itawaka, lakini mlimani itakuwa nzito. Ikiona kitu isichokielewa itapunguza mafuta. Itajihami."

"Hata punda wangu hujihami," alijibu Koileken. "Ilimradi itembee."

Upande wa hewa hakutaka mchezo. Kinywa cha zamani cha Landkruza kilikuwa chini, karibu na taa, na masika yale nyika zote zilikuwa zimefurika. Injini ikimeza maji inapinda vyuma vyake vyote ndani ya sekunde moja. Alichukua bomba la chuma, akalichomea kupitia ubavuni, akalipandisha hadi usawa wa paa, akaleta mpira mpana kutoka bombani hadi kwenye mdomo wa tabo. Mdomo wa juu wa bomba, chini ya kofia yake, aliupima kwa kizibo chake ili kikae sawasawa.

Jambo moja lilimkosesha raha. Alipoingiza kidole kwenye tabo na kutikisa shafti yake, ilicheza. Kidogo, unene wa ukucha, lakini kabla ya ule msukumo wa ukutani ilikuwa haichezi. Mzee Lupakisyo naye akatikisa, akaguna.

"Mihuri yake, zile sili za kuzuia oili, imeumia. Oili itavuja iingie kwenye hewa. Subiri tupate nyingine."

"Jumamosi, mzee."

"Basi kizibo usikiache."

Jumamosi asubuhi Makarius alikuwa ameshafika, shati jeupe, mikono imeoshwa. Pikipiki aliifungia uani kwa mzee, na akapita kumdai Koileken nafasi mbele ili aone kwa macho yake. Sesilia aliendesha, Koileken akakaa kati na fimbo yake, Makarius dirishani. Kizibo kilining'inia nyuma ya kiti. Injini iliwaka kwa mara ya kwanza tu, mzee Lupakisyo akiwa amesimama pembeni na kizibo chake mkononi, ikanguruma vizuri, na watoto wa Magomeni wakaikimbiza hadi relini. Sesilia aliona furaha ikimpanda kifuani akaikataza. Ilikuwa bado mapema.

Njia yote Makarius alikuwa akisema. Alisema kompyuta ya otomatiki kwenye gia za mkono ni kazi ya wehu. Alisema bomba lile ni la jikoni. Mara mbili alinyoosha mkono nyuma ya mgongo wa Koileken na kumbana Sesilia shingoni kwa kucha, kwa tabasamu, kama mtu anayemtania mkewe. Mara ya pili Koileken alimpiga kwa ncha ya fimbo kwenye mfupa wa goti bila kugeuza kichwa. Makarius alipiga yowe, na kimya kikapatikana hadi kijiji kiitwacho Ulaya.

Baada ya Ulaya walilikuta korongo limejaa maji ya rangi ya chai, na pikipiki mbili zimeegeshwa zikisubiri yapungue. Sesilia aliingia bila kusimama. Maji yalipanda hadi taa, yakapanda hadi juu ya boneti, injini ikaendelea kuvuta hewa yake safi kule juu ya paa, na wakatoka ng'ambo wakichuruzika. Koileken akapiga paja na kucheka kwa sauti. "Hili ni gari!" Makarius aliangalia nje. Shavu lake lilikuwa likichezacheza, na Sesilia aliijua vizuri ile dalili.

Zilikuwa zimebaki kama kilometa ishirini na mbili. Mlima ukaanza, gari likawa zito kama alivyosema, na moshi mweupe wenye buluu ukaanza kuwafuata. Kisha mguu wa Sesilia ukiwa umeshaachia mafuta, injini ikapanda yenyewe. Ikapanda tena. Alikanyaga klachi, akatoa gia, akazima ufunguo. Injini haikujali. Ilipiga kelele ile ya kupasua masikio, sauti inayomwambia kila fundi kwamba kitu kinajila chenyewe.

Alisimamisha gari kwa breki, akaingiza gia kubwa, akaachia klachi ili aikabe. Gari liliruka kama ng'ombe aliyechomwa chapa, klachi ikanuka kuungua, ikateleza. Haikukabika.

"Kompyuta!" Makarius alicheka kwa sauti ya juu, macho yamemtoka kwa furaha. "Kompyuta yako imerukwa na akili! Nilisema!" Akainama chini ya dashibodi, akashika kontrol boksi kwa mikono yote miwili na kuing'oa, waya zikakatika na kutoa cheche. Akaitupa miguuni mwa Koileken.

Injini haikuzima. Haikuwa ikila mafuta ya kompyuta wala ya mtu yeyote. Ilikuwa ikila oili yake, kupitia ile mihuri aliyoivunja yeye mwenyewe kwa mguu wake.

"Sasa mlete Kiganja!" alipiga kelele, akaruka nje.

Sesilia alikuwa ameshatoka upande wa pili na kizibo mkononi. Alipanda kwenye ubao wa mlangoni, akafika kwenye kofia ya bomba, akaing'oa. Ilikuwa imebaki kuweka kizibo tu, kukibana, kuhesabu hadi tano. Ndipo alipoona, kwa chini, boneti limefunguliwa na Makarius ameshalegeza mkanda wa chuma unaobana mpira wa hewa. Akauvuta mpira ukatoka. Bomba la Sesilia sasa lilikuwa limeungana na hewa tupu. Mdomo wa tabo ulikuwa wazi, feni yake ndani ikizunguka kwa kasi isiyoonekana hata kwa jicho, na Makarius alikuwa akikunja mkono wa shati.

Sesilia alikuwa na muda. Hilo ndilo litakalomsumbua maisha yake yote, kwamba muda aliupata. Mikunjo mitatu ya shati jeupe, moja, mbili, tatu, kama alivyokuwa akifanya mbele ya madereva. Neno lenyewe lilikuwa fupi, lilikuwa limeshamfika kwenye ulimi, lile lile la miaka mitatu iliyopita. Vidole vyake viwili vilivyopinda vilikuwa vimeshika kizibo vibaya kama kawaida yake. Akalimeza.

Makarius akaziba mdomo wa tabo kwa kiganja.

Haikuwa sauti ya kupiga kelele kwanza. Ilikuwa sauti ya kukata, fupi, kama shoka kwenye mfupa wa soko la nyama, kisha mkono wote ukavutwa hadi kwenye kifundo, na hapo ndipo yowe likaja. Damu ilirushwa chini ya boneti, kwenye kioo, kwenye shati jeupe, usoni mwa Koileken aliyekuwa amekimbilia pale. Injini ilimeza, ikakohoa, ikaendelea. Makarius alikuwa akijivuta nyuma kwa mwili mzima na mkono hautoki.

Sesilia aliruka chini. Alimpiga kwa bega ubavuni, akamng'oa pale kama mtu anayeng'oa kisiki, akabandika kizibo cha mninga kwenye mdomo wa tabo na kukilalia kwa kifua chake. Feni ililamba mpira, ikafika kwenye mti, vumbi la mbao likamwingia machoni. Alihesabu. Kwenye nne injini ilitetemesha gari zima, kwenye tano ikafa.

Makarius alikuwa amekaa katikati ya barabara akiuangalia mkono wake. Dole gumba lilikuwepo. Vingine vinne havikuwepo, na nusu ya kiganja, kile kiganja chenyewe, ilikuwa imekwenda navyo. Damu ilikuwa ikitoka kwa kuruka.

Koileken alikuwa amefunga vidonda vya ng'ombe tangu utotoni. Alikata ukanda wa tyubu uliokuwa ukifungia mizigo, akaukaza juu ya kiwiko mpaka kuruka kule kukageuka kuchuruzika. Akaangalia simu yake. Hakuna mtandao. Nyuma yao lilikuwepo korongo ambalo pikipiki haziwezi kulipita leo, na mbele hakuna gari lililotoka Mikumi tangu asubuhi.

"Fundi," alisema. "Gari hili litatembea?"

Sesilia alikuwa akimtazama mume wake anavyopauka, na alitamani afe. Kwa nini tufiche? Alitamani afe pale pale, barabarani, kwa mkono wake mwenyewe, bila mtu kumlaumu. Alitamani kwa moyo wake wote, kisha akajiona akisimama pale na kutamani, na akajichukia.

"Litatembea tukiinyima tabo," alisema. "Mfunike shuka. Asilale."

Ilikuwa kazi ya saa nzima na aliifanya kwa dakika ishirini. Alichomoa bomba linalotoa hewa kwenye tabo, akauchukua ule mpira mpana alioung'oa Makarius na kuuelekeza moja kwa moja kwenye mlango wa hewa wa injini, kama injini za zamani. Haukutosha, akauzungushia tyubu mara sita na waya. Mrija wa oili wa tabo aliubana kwa koleo mpaka ukalala. Tabo na ife, kazi yake ilikuwa imekwisha. Chuma kilikuwa cha moto wa kuivisha. Alisikia harufu ya nyama ikiungua kabla hajajua ni yake, maana vile vidole viwili vya vaisi vilikwisha kufa ganzi zamani. Alijaza oili galoni nzima. Waya za kontrol boksi alizimenya kwa meno, akiwa na damu ya mtu mwingine mdomoni, na akaziunganisha moja moja kwa kukumbuka rangi.

Walipomwinua Makarius alirudiwa na nguvu. Alimpiga Sesilia teke la tumbo, akamwita mchawi, akasema amemtegea. Kisha macho yakaanza kugeuka juu, kichwa kikalegea. Sesilia alimpiga kofi. Moja, kwa nguvu zake zote, ili asilale. Miaka mitatu alikuwa amelifikiria kofi hilo, na halikumpa raha yoyote aliyokuwa ameitarajia. Lilimfungua macho tu.

Injini iliwaka ikitoa moshi mweusi, dhaifu, kipofu nusu. Kompyuta haikuelewa upepo wa tabo umekwenda wapi, ikapunguza mafuta, ikajihami. Walipanda mlima ule kwa gia ya pili, kwa mwendo wa trekta, Koileken akiwa ameukumbatia mkono ule uliofungwa shuka kama ndama mchanga, na kila baada ya kilometa tano Sesilia alishuka kuangalia oili, anaongeza, anapanda. Makarius naye alikuwa akilia kimya kimya kama mtoto, na Sesilia aligundua kwamba hajawahi kumwona akilia.

Waliingia Mikumi saa sita na robo. Alilisimamisha gari mlangoni mwa hospitali na injini ikiwa bado inanguruma.

Muuguzi aliyewapokea aliuliza mgonjwa ana ndugu gani hapa, aandike. Koileken alimwangalia Sesilia.

"Mimi ni fundi wa gari," Sesilia alisema. "Andika hivyo."

Walimwita ndani alasiri, baada ya upasuaji, kwa sababu mgonjwa alikuwa amemtaja yeye tu. Makarius alikuwa kitandani, mkono umefungwa bandeji ukawa mkubwa kama kichwa. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ulikuwa juu pale. Ulinitazama."

"Nilikutazama."

"Ulijua itanikata?"

"Nilijua."

"Sasa mbona hukuniambia?" Aliuliza kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeibiwa na ndugu yake. "Neno moja tu, Sesi. Mbona hukuniambia?"

Sesilia aliusogeza mkono wake wa kushoto, akauweka juu ya shuka la kitanda, karibu na ile bandeji. Vidole vile viwili vilikuwa na malengelenge mapya juu ya mifupa iliyoungana vibaya.

"Nilikuambia," alisema. "Mbele ya madereva. Kumbuka ulinijibu nini."

Makarius aliviangalia vile vidole kwa muda mrefu. Alipovitambua, uso wake ulibadilika, na akaugeuzia ukutani. Sesilia akatoka.

Nje, Koileken alikuwa amekaa kwenye ubao wa mlangoni wa Landkruza akifuta damu kwenye kizibo kwa majani. Feni ilikuwa imekichimba duara la kina katikati. Alimpa.

"Amesemaje?"

"Hakuna kitu." Sesilia akakitundika kizibo shingoni, akashika usukani, na sasa, baada ya yote, akashindwa kuingiza ufunguo. Alilia pale kwa sauti, bila kujificha, na Koileken akamwacha alie. Alipomaliza alijifuta uso kwa kiwiko.

"Gari limefika," alisema. "Turudi nyumbani."